Uso wa Elina

"Alfajiri ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi mgongoni mwa ng'ombe, koma, Elina akatoka na ndoo yake, koma, akitembea kama mtu asiyetaka kuiamsha njia, nukta. Aya mpya."

Tusekile alikuwa akisoma hivyo, pamoja na koma zake na nukta zake, ameketi kwenye kigoda jikoni na karatasi zimelala magotini. Ukungu wa kijiji cha Nkunga nao ulikuwa ukiingia mlangoni taratibu na kuchanganyika na moshi, hata ikawa vigumu kujua upi ni wa kitabuni na upi ni wa nyumbani. Upande wa pili wa ukuta wa mianzi, chini ya upenu, baba mkwe wake aligonga mwanzi mara moja kwa fimbo. Maana yake ilikuwa: sawa, twende.

Mgeni ambaye angepita njiani saa hizo angedhani mji ule umeingiwa na wazimu. Mwanamke anauhubiria moto, tena anautajia koma. Mzee yuko nje na mvua ya rasharasha, ameligeukia shamba la chai, anagonga ukuta. Wazimu haukuwapo. Watu walikuwa wanasahihisha kitabu.

Mwenye kitabu, Mzee Anyosisye, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Riwaya yake aliiandika kwa mkono, akaichapa kwa taipu ya kuazima, akaipeleka kwenye shirika moja la uchapishaji, nalo likaikalia kwa maelezo kwamba karatasi hakuna nchini. Ikalala huko hadi watu wakaacha kumuuliza. Kisha yakaja mambo ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Madukani kukajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni Tukuyu, na huko Dar es Salaam watu binafsi nao wakafungua kampuni za vitabu. Kampuni moja ndogo ikaichukua riwaya. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla mzee macho yote mawili. Prufu zilipofika, yaani zile karatasi za majaribio ambazo mwandishi huzipitia mara ya mwisho kabla kitabu hakijapigwa chapa, alizipokea kwa mikono miwili, akazinusa, akaziweka mapajani, basi. Kusoma hakuweza.

Walijaribu wasomaji wengine. Jotham, mwalimu kijana aliyehamishiwa shule ya jirani, alisoma kama mtangazaji wa mpira, tena kila alipokuta sentensi ndefu akaifupisha kwa huruma. Mchungaji alisoma vizuri mno, akalia palipostahili kilio, lakini makosa hakuyaona hata moja. Lugano, mwana wa mzee na mume wa Tusekile, alikuwa Tunduma kwenye biashara ya vyombo vya plastiki, na aliporudi nyumbani alirudi kulala. Akabaki Tusekile, mwalimu wa Kiswahili, mwenye jicho ambalo kosa halilipiti.

Shida ni kwamba Tusekile alikuwa mkwe.

Siku alipoingia katika mji ule akiwa bibi harusi, mama mkwe wake, Bupe, alimkalisha chini na kumweleza kwa upole: baba mkwe hatazamwi, wala yeye hakutazami. Mkikutana njiani, wewe ingia migombani. Akikohoa, funika kichwa upite nyuma ya nyumba. Neno lako kwake, nipe mimi nimfikishie. Mambo hayo wengi walikuwa wamekwisha kuyaacha. Mjini Tukuyu, pale mtaa wa Bagamoyo, Tusekile aliwaona wake za watu wanakaa meza moja na baba wakwe zao na kupokezana chumvi. Mzee Anyosisye naye, pamoja na usomi wake wote, angeweza kuyaacha, ila hakuyaona kuwa ushamba. Aliyaona kuwa adabu. Kwa hiyo Tusekile alikuwa ameishi miaka yote ya ndoa yake na mtu aliyekuwa kikohozi, fimbo, na koti jeusi linalopotelea mlangoni.

Bupe ndiye aliyepata njia. Tusekile akae ndani ya jiko, mzee akae nje. Asome kila kilichopo kwenye karatasi, asiache hata alama. Mzee kitabu anacho chote kichwani. Akigonga mara moja, mambo sawa, na akigonga mara mbili, pana kosa. Na kama lipo la kuzungumza, waliambie figa, lile jiwe la jikoni lililo karibu na ukuta, kwa sababu yeye Bupe ana kazi zake na hawezi kushinda hapo akipeleka na kurudisha maneno kama karani.

"Wee figa," Tusekile akawa anasema, "mwambie mwenye kitabu kwamba hapa wameandika 'mbuzi' na mimi nadhani ni 'mbegu'."

"Figa," inajibu sauti kutoka nje, nene na ya polepole, "mwambie asomaye kwamba amedhani vema. Mbuzi hapandwi."

Tusekile anacheka peke yake, anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Siku zikaenda hivyo, jioni baada ya jioni, mara tu alipotoka shuleni. Mvua za masika zilikuwa za kutwa, nyembamba, zisizo na haraka. Kitabu kikamwingia mpaka usingizini. Aliota anatembea ndani ya ukungu, na kila hatua yake mtu anaitaja: koma, koma, koma. Aliota Elina, mke wa kitabuni anayeushikilia mji wa wakwe zake baada ya ng'ombe kufa, amempa kisogo anachota maji. Tusekile anamwita ageuke, naye hageuki. Akiamka, maneno bado yako mdomoni.

Alianza kuhisi jambo bila kulipa jina. Elina wa kitabuni alikuwa mzito mguu wa kushoto, ukimsikia kwenye matope unajua ni yeye. Alikohoa kidogo kabla ya kuuliza swali. Alipomenya ndizi alivuma wimbo usio na maneno, na wimbo ukikatika ujue amejikata kidole. Tusekile alisoma yote hayo kwa sauti iliyotulia. Na siku moja, akimenya ndizi, alijikuta anavuma, akanyamaza ghafla kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Jumatano jioni alifika kwenye ukurasa huu.

"Siku mimba yake ilipoharibika Elina hakumwambia mtu, nukta. Alikwenda migombani, koma, akaimba wimbo wa ibada kwa sauti ya juu kuliko siku zote, koma, na mzee aliyekuwa ndani akajua kwamba analia, nukta. Mzee alikuwa amekwisha kuvaa koti la kwendea kanisani, nukta. Akalivua, nukta. Hakutoka nje mpaka jioni, koma, kwa sababu angetoka, koma, binti yule angelazimika kukimbia na kujificha, koma, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kukimbia, nukta."

Fimbo iligonga mara moja, taratibu sana.

Tusekile hakuendelea. Siku ile aliikumbuka. Mume wake alirudi jioni, akamtazama usoni, akaomba chakula. Mama mkwe alikuwa Ikuti kwenye msiba. Hakuna aliyejua, na yeye alikuwa amejivunia siku zote kwamba alijikaza mtu asijue. Alikumbuka pia kwamba mzee alikosa kikao cha wazee wa kanisa siku hiyo, na yeye akadhani anaumwa, akamchemshia uji na kuuacha mlangoni. Kumbe aliketi humo gizani, amevua koti, ili yeye apate mahali pa kulia. Machozi yalimtoka. Aliyafuta kwa kiganja yasije yakalowesha prufu.

"Figa," sauti ya nje ikasema baada ya muda, "mwambie asomaye apumzike kama moshi unamsumbua."

"Figa, mwambie mwenye kitabu kwamba moshi umepungua," Tusekile akajibu. "Pana maneno ya mhariri hapa pembeni, kwa penseli."

"Ayasome."

Walikwisha kukubaliana: kila kilichopo kwenye karatasi kinasomwa. Akasoma.

"Mzee wangu, koma, huyu Elina tunamsikia tu, koma, hatumwoni, nukta. Katika kitabu kizima hana uso, nukta. Tafadhali mpe uso, koma, mistari mitano inatosha, koma, nafasi ipo mwisho wa ukurasa, nukta. Ikishindikana naona tumwondoe, koma, hadithi inaweza kwenda bila yeye, nukta."

Matone yalidondoka kutoka kwenye nyasi za paa.

Ilikuwa kweli, na wote wawili hawakuwa wameliona. Mchungaji wa kitabuni alikuwa na pua yake, chifu alikuwa na jicho lake lenye chongo, hata ng'ombe aliyekufa ukurasa wa kwanza alikuwa na baka jeupe kwenye paji. Elina pekee ndiye aliyekuwa hatua, kikohozi na wimbo. Mzee alikuwa amemwandika kwa uaminifu kabisa, kama alivyomjua, na jinsi alivyomjua hapakuwa na uso ndani yake.

"Figa," mzee akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwambie asomaye kwamba mhariri ana haki. Siwezi kumbandika uso wa kubuni kama kinyago. Basi litakalobeba prufu kwenda Dar linaondoka keshokutwa. Kesho tumwondoe."

Tusekile alisikia kama mtu amemvua shuka wakati wa baridi. Amwondoe Elina? Aliyesikika mpaka kulia kwake, leo aambiwe hadithi inaweza kwenda bila yeye? Na yeye mwenyewe ndiye ashike kalamu nyekundu ampige mstari, ukurasa baada ya ukurasa! Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza namna ile, na kabla hajamaliza hata kulifurahia jambo hilo tayari linafutwa.

"Figa," akasema, "mwambie mwenye kitabu asifanye haraka. Kesho jioni uso utakuwapo."

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, alikitoa kioo kidogo kilichoning'inia dirishani, akajitazama. Aliona kovu dogo juu ya nyusi, la jembe la utotoni. Aliona macho yaliyoingia ndani kidogo. Aliona mdomo wa mama yake, uliokuwa ukibana maneno. Haya ndiyo nimpe Elina? akajiuliza. Watu wa nchi nzima wamsome wakute kovu la jembe? Aibu ikamshika. Siku nzima shuleni, watoto wakinakili zoezi, yeye aliandika uso mwingine nyuma ya andalio la somo.

Jioni akakaa kwenye kigoda, akajitia ushujaa.

"Elina alikuwa na uso wa mviringo kama mwezi mpevu, koma, macho ya kurembua, koma, na vishimo viwili mashavuni vilivyojaa tabasamu kila aliposema, nukta. Shingo yake —"

Fimbo iligonga mara mbili. Halafu, kwa uhakika zaidi, mara mbili tena.

"Figa," mzee akasema, "huyo mgeni ametoka wapi? Huyo ni wa kwenye kalenda. Sijapata kumsikia hapa nyumbani."

Tusekile alipandwa na hasira, hasira ya mtu aliyekamatwa akijipendelea. "Figa! Muulize mwenye kitabu, yeye angemwandikaje?"

"Ningemwona kwanza," sauti ikajibu.

Kauli ilimtoka kabla hajaipima, ungejua. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka katikati ya jiko, mzito na laini, na Tusekile alihisi kama amekaa ndani ya ile ndoto yake, isipokuwa sasa yeye ndiye aliyegeuza kisogo.

Bupe alikuwa pembeni anamenya ndizi za jioni. Alikuwa amewavumilia siku zote hizo. Akakirusha kisu ndani ya ungo.

"Mwe bandu! Enyi watu! Figa langu mmelichosha," akasema. "Lina kazi ya kubeba sufuria, nyie mnalibebesha kitabu. Wee Tusekile, unamkimbia nani? Yule pale nje kuku anampanda mguuni hamwoni. Juzi amemwamkia mgomba, akangoja uitikie."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha —"

"Ndiyo, mimi. Nilikufundisha uufiche uso wako macho yake yasiuone. Macho yenyewe yako wapi? Yamekwenda. Sasa unamheshimu nani, ukuta?" Akapaza sauti kuelekea nje. "Na wewe, mume wangu! Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo, mama Lugano," mzee akajibu.

Tusekile alisimama. Alikusanya prufu, akazifunika kwa kanga zisilowe, akashika kalamu. Kutoka mlango wa jiko mpaka chini ya upenu ni kona moja tu ya nyumba. Kona hiyo alikuwa ameizunguka mara zisizo na idadi, kila mara kwa upande ule mwingine. Sasa aliielekea, na mguu wake wa kushoto, mzito, ukazama kwenye matope na kutoa mlio, na akajua kwamba mlio huo umekwisha kusikika.

Akamwona.

Alikuwa mtu mdogo! Miaka yote hiyo Tusekile alimfikiria kuwa mrefu, kipande cha mtu, kwa sababu ya ile sauti. Kumbe koti ndilo lililokuwa kubwa. Shingo ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa shule, na sikio lilikuwa la Lugano, hasa hasa, lilelile lililochongoka juu. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Hakuona kitu, lakini aligeuka hivyo hivyo kwa adabu ya siku zote, na mkono mmoja ameuinua kidogo kujikinga, ili binti apite salama. Tusekile aliuona mkono huo. Hakupita. Alipiga magoti kwenye udongo uliolowa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Hakuwahi kumwamkia. Hata siku moja. Mzee alikaa vilevile na uso wake ukutani, mabega yanatikisika.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ndaga. Ndaga fijo. Asante sana."

Tusekile akakaa mwisho wa benchi, akazifunua karatasi, akatafuta ile nafasi tupu chini ya ukurasa. "Niko tayari, baba. Kalamu ninayo. Lipo kovu juu ya nyusi, kama unalitaka. Macho yameingia ndani. Vishimo hakuna."

Mzee alitikisa kichwa, akatabasamu. "Ngoja. Andika ninavyosema." Akanyoosha mgongo kama zamani mbele ya darasa, na sauti ile nene ikarudi, lakini sasa haikupita ukutani. "Jioni ile Elina hakuingia migombani, koma, akaizunguka nyumba kwa upande ambao hakuwahi kuuzunguka, nukta."

Tusekile aliandika.

"Akapiga magoti mbele ya mzee, koma, akamwamkia, nukta."

Aliandika. Wino ulisambaa kidogo kwa unyevu.

"Mzee akageuka."

Kisha, polepole, kama mtu anayefungua mlango ambao hana hakika kama ni wake, mzee mwenyewe aliutoa uso ukutani akaugeuzia kwa Tusekile. Macho yalikuwa na weupe wa maziwa yaliyotiwa maji. Yalifika kwenye paji lake, yakashuka, yakatulia pembeni kidogo ya mahali alipokuwa. Tusekile alijisogeza taratibu kwenye benchi, mpaka akakaa pale yalipokuwa yanatazama.

"Mzee akageuka," akamkumbusha. "Halafu, baba?"

"Akamwona," mzee akasema.

Kalamu iliandika neno hilo, ikangoja. Ndani ya jiko Bupe aliweka sufuria juu ya mafiga, na moshi ukaanza kutoka kwenye nyufa za mianzi.

"Nukta," akasema Tusekile.